Ukoo wa Nyegere Kwenye Theluji ya Minnesota

Wageni wengi wanaokwenda kaskazini mwa Minnesota wakati wa baridi humfuata bundi. Hutoka hata Ulaya wakiwa na lenzi za kubebwa begani, hulala Duluth, na alfajiri huingia kwenye kinamasi cha Sax-Zim kumsubiri bundi mkubwa wa kijivu atue juu ya nguzo. Bundi sina ugomvi naye, ila mimi nilikuwa na hamu na wengine: ndugu wa nyegere. Ukoo uliotupa sisi nyegere, kicheche na fisi maji una matawi mengi kule kwenye baridi, na karibu wote ni wanyama wembamba, wa miguu mifupi, wakali kupita kimo chao na wagumu kuonekana. Theluji ndiyo inayowafichua. Majira mengine mtu anaweza kuishi msituni miaka na miaka asijue kwamba anapakana nao.

Mwenyeji wangu alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, anayeishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis ambako Kiswahili cha Kenya husikika hadi kwenye foleni ya dukani. Ameshaizoea baridi ya kule, lakini kuipenda bado. Nilipomweleza kilichonileta alinitazama kwa muda.

"Shemeji, umetoka Morogoro, Mikumi yenye simba iko mlangoni kwako, umevuka bahari, kumbe umekuja kutafuta panya?"

"Si panya. Nawatafuta wanaowala panya."

"Haya. Nitakuendesha. Ila kushuka kwenye gari, usinitegemee."

Tukaondoka kabla hakujapambazuka. Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni kama kilomita 250, barabara pana na iliyonyooka, mashamba yakipungua na misitu ikiongezeka kadiri unavyosogea. Duluth imekaa kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, ziwa pekee la maji baridi duniani linalolizidi Victoria kwa ukubwa wa eneo. Februari ile lilikuwa limeganda ukingoni, na mbele zaidi maji yalikuwa yakitoa mvuke kwa sababu yalikuwa na joto kuliko hewa. Hatukukawia. Tulishika barabara kuu namba 53 hadi Cotton, kijiji ambacho ukifumba macho umekipita, tukapata moteli si mbali na hapo. Kwenye maegesho kulikuwa na soketi za umeme, kila gari na yake. Wenyeji huchomeka injini usiku kucha ili asubuhi iwake. Hapo ndipo shemeji alipoanza kunilaumu waziwazi.

Sehemu hizi ndizo zenye rekodi ya baridi ya jimbo zima: tarehe 2 Februari 1996, kwenye mji mdogo wa Tower, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. Asubuhi yetu ya kwanza ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri, na mhudumu wa moteli akatupongeza kwa kubahatika hali nzuri ya hewa.

Sax na Zim vilikuwa vijiji viwili vidogo kando ya reli, na kinamasi kimechukua majina ya vyote viwili. Ni nchi tambarare ya mboji iliyolowa, yenye misonobari myeusi, myembamba, ambayo huzeeka bila kunenepa, na miti ya tamaraki ambayo hupukutisha sindano zake wakati wa baridi hadi mgeni akadhani imekufa. Barabara za changarawe zinakata katikati. Mwaka 2011 wapenzi wa eneo hilo waliunda shirika la Friends of Sax-Zim Bog, lenye kituo kidogo cha wageni ambako unapata chai, ramani, choo na habari za nani ameonekana wapi. Hapo tulimkuta mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ya misitu maisha yake yote na sasa anajitolea. Aliposikia tunachotafuta alifurahi kuliko nilivyotarajia.

"Wote wanaokuja hapa hutazama juu," alisema. "Nyinyi tazameni chini."

Akatutoa nje kwenye ukingo wa msitu na kutufundisha kusoma. Naona hapa ndipo safari yangu yote ilipopata thamani, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbwa mwitu, mbweha na paka wa aina zote huacha vidole vinne kwenye unyayo. Ukoo wa nyegere huacha vitano, mbele na nyuma. Hiyo ndiyo alama ya kitabuni, na ni ya kweli, isipokuwa kwamba theluji laini mara nyingi humeza kidole cha tano, na mnyama mwenye manyoya chini ya mguu haachi kidole hata kimoja kinachosomeka. Kwa hiyo wajuzi hawaanzi na vidole. Wanaanza na mwendo. Mnyama mrefu mwembamba akikimbia kwenye theluji hujikunja na kujikunjua: miguu ya mbele inatua, mgongo unapinda juu, na miguu ya nyuma inaingia katika mashimo yaleyale ya mbele. Kinachobaki ni mashimo mawili mawili, jozi baada ya jozi, moja limetangulia mwenzake kidogo, kama mtu aliyepiga nukta pacha kuvuka karatasi nzima. Sungura hatembei hivyo. Kuchakulo naye hatembei hivyo, yeye huacha alama nne kwa pamoja, miguu mikubwa ya nyuma ikitangulia. Ukiziona zile jozi zilizopinda, ukoo umeupata. Kilichobaki ni kumjua mwanaukoo.

Ungetarajia ukubwa ndio uamue. Kicheche wa kule jozi yake ina upana wa vidole viwili vya mkono, minki, ndugu yake wa majini, vitatu au vinne, marteni, mpanda miti, anazidi hapo, na fisha, mkubwa wao wa msituni, unyayo mmoja unakaribia kiganja cha mtoto. Tatizo ni kwamba katika ukoo huu dume humzidi jike kwa mbali sana. Dume kubwa la marteni na jike dogo la fisha wanaweza kuacha nyayo zinazolingana, na kicheche dume mwenye mkia mrefu anaweza kumkaribia minki jike. Mzee alisema mtu anayetoa jina kwa rula peke yake anabahatisha. Fuata nyayo uone mwenyewe anafanya nini. Minki atakupeleka majini. Marteni atakupeleka kwenye shina la mti na hapo nyayo zitakoma, kisha uzikute tena hatua kadhaa mbele, mahali aliporukia chini. Kicheche ataruka kwa hatua ndefu, fupi, ndefu, atageuka bila sababu, na ghafla atazama ndani ya theluji, kishimo cha mviringo, ajitokeze mita chache mbele. Fisi maji ataruka mara mbili tatu kisha atateleza kwa tumbo, na kuacha mfereji mpana uliolainika.

Shemeji alikuwa amebaki kwenye gari muda wote huo, dirisha limefunguka kidogo ili asikie.

Baadaye asubuhi tulikwenda mahali ambapo shirika huweka mizoga ya kulungu kwa ajili ya ndege. Mbavu zilikuwa wazi, nyama imeganda, na ndege wadogo wenye kofia nyeusi walikuwa wakidonoa mafuta. Kisha wakaruka wote kwa pamoja. Katikati ya mbavu mbili kikatokea kichwa cheupe, macho meusi, masikio ya mviringo yaliyolala. Kikatutazama. Kikaingia. Kikatokea upande wa pili wa mzoga kabla sijainua darubini.

Mlango wa gari ukafunguka nyuma yangu. "Nguchiro mweupe!" shemeji alinong'ona, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyelazimishwa kuja.

Mtu wa Afrika Mashariki lazima afikirie nguchiro, maana umbo na papara ni vilevile. Lakini nguchiro yuko upande wa paka na fisi, na kufanana kwao kunatokana na kazi moja: kuyafuata mawindo mahali pembamba. Hata yule mnyama wa Amerika mwenye milia na harufu mbaya, ambaye ungeapa ni pacha wa kicheche wetu wa vichakani, wataalamu wa vinasaba walimtoa kwenye ukoo huu miaka ya 1990 na kumpa ukoo wake. Yule wa kwenye mzoga, kinyume chake, alikuwa wa ukoo kabisa.

Minnesota ina vicheche wa aina tatu, na wote huwa weupe wakati wa baridi. Kuwatenganisha, mtazame mkia kabla ya kitu kingine chochote. Mdogo kabisa ana mkia mfupi usio na ncha nyeusi. Uzito wake ni gramu hamsini au pungufu, naye ndiye mdogo kuliko wote katika kundi la wala nyama lenye simba na chui. Wa pili, yule ambaye ngozi yake ilipamba majoho ya kifalme, ana ncha nyeusi na mkia unaofika theluthi hivi ya urefu wa mwili. Wa tatu ana ncha nyeusi pia, lakini mkia wake ni nusu ya mwili au zaidi. Wetu alipopanda juu ya bega la kulungu na kusimama wima kwa miguu ya nyuma, mkia ulionekana wote: mfupi kiasi, na ncha nyeusi tii. Wa pili, basi. Mwili wote usingezidi gramu mia moja na kitu, na alikuwa akivuta kipande cha nyama kikubwa kuliko kichwa chake.

Kwa nini ncha nyeusi juu ya mnyama ambaye amejigeuza mweupe ili asionekane? Mtafiti Roger Powell aliwahi kulijaribu jambo hili kwa kutumia mwewe waliofunzwa na vicheche bandia, akachapisha matokeo mwaka 1982. Mwewe walielekea kushambulia doa jeusi. Likiwa kwenye ncha ya mkia, mbali na mwili, mara nyingi walikosa. Likiwa mwilini, walipata. Kicheche mdogo kabisa hana mkia wa kutosha kuliweka doa mbali na mwili, na ndiyo maana, kwa hoja ya Powell, hana doa. Maelezo haya yananiridhisha kuliko mengi ninayosoma juu ya rangi za wanyama, kwa sababu mtu alikwenda akajaribu. Na zile nukta nyeusi kwenye majoho meupe ya wafalme wa Ulaya ni hizohizo ncha za mikia, kila nukta mnyama mmoja.

Weupe wenyewe hauletwi na baridi bali na urefu wa mchana. Mchana ukifupika vya kutosha, manyoya hubadilika, theluji iwepo isiwepo. Hilo lilikuwa sawa zamani zote ambapo theluji ilikuwa na ratiba. Katika msitu wa Białowieża nchini Poland, siku za theluji zimepungua, na watafiti waliandika mwaka 2018 kwamba vicheche wanaogeuka weupe wanapungua kuliko wenzao wanaobaki kahawia. Kicheche mweupe juu ya majani makavu anaonekana na kila mwenye mabawa.

Umbo hilo jembamba lina gharama. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani walipima nishati anayotumia kicheche kwenye baridi wakaona inapita kwa nusu nzima, hata mara mbili, ile ya mnyama mwenye uzito uleule na umbo la kawaida. Mwili mrefu hauna mahali pa kuficha joto. Kwa hiyo hula usiku na mchana, kiasi cha theluthi ya uzito wake kila siku au zaidi, na sehemu kubwa ya maisha yake ya baridi hupita chini ya theluji, kwenye nafasi kati ya ardhi na blanketi lile jeupe, ambako joto hubaki karibu na sifuri hata juu kukiwa nyuzi thelathini chini. Panya wa mwituni wana njia zao humo, na jike la kicheche hupita kwenye njia hizohizo. Akimaliza kumla mwenye nyumba hulala kwenye kiota chake, amekitandika kwa manyoya ya marehemu. Kwa hilo nyegere na jamaa zake wa kaskazini wanafanana: adabu hawana.

Tulisimama pale hadi vidole vikaanza kuuma. Shemeji ndiye aliyekuwa wa mwisho kurudi garini.

Mtoni sikukaa sana. Mto Whiteface hupita kwenye kinamasi, na chini ya daraja palikuwa na sehemu ambayo maji hayakuganda. Minki alipita ukingoni, kahawia iliyokolea hadi kuonekana nyeusi, doa jeupe kidevuni, akaingia majini na kutoka bila kutikisika, baridi ile! Ni mnyama ambaye dunia inamfahamu zaidi akiwa kwenye vizimba. Mwaka 2020 Denmark iliua takriban milioni 17 wa kufugwa kwa hofu ya virusi vya korona. Hapa alikuwa mmoja, huru, na hakutujali. Mbele kidogo kulikuwa na mifereji ya fisi maji ikishuka kutoka kwenye kingo hadi kwenye tundu la barafu. Mwenyewe hatukumwona.

Marteni tulimfuata mbali. Tulirudi Duluth, tukafuata barabara ya 61 ukingoni mwa Ziwa Superior hadi Grand Marais, kisha tukashika Gunflint Trail, barabara ya kilomita 90 hivi inayozama msituni hadi karibu na mpaka wa Kanada. Theluji ya huko ni ya kina kirefu, na hilo lina maana kwa ukoo huu. Marteni ana miguu mikubwa yenye manyoya chini na mwili mwepesi, kilo moja hivi, kwa hiyo hupita juu ya theluji laini. Fisha ni mzito mara tatu au nne, huzama na kuhangaika. Kwenye theluji nyingi marteni ndiye mwenyeji.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni ambayo mwenyewe amepigilia ubao kwenye mti nje ya dirisha la chumba cha kulia, na kila jioni huupaka siagi ya karanga. Saa kumi na moja kasoro, wakati mwanga ukianza kwenda buluu, marteni alishuka kichwa chini kwenye shina, nyayo za nyuma zimegeuzwa kushika gamba la mti. Fisha naye anaweza kufanya hivyo. Wengine wachache sana. Alikuwa na uso mdogo kama wa mbweha mchanga, masikio makubwa ya mviringo yenye ukingo mweupe, mwili wa kahawia ya asali, na kooni doa la rangi ya chungwa. Doa hilo na masikio hayo ndivyo vitambulisho vyake. Minki ana masikio yaliyozama kichwani na doa kidevuni. Fisha ana weusi mwingi, kichwa kinene, na masikio madogo ukilinganisha na uso.

Chumba kizima kilisimama na simu mkononi. Sitamdharau mtu anayemwona marteni kwa njia ile, maana mimi pia nilisimama. Lakini mnyama aliyezoea ubao wa siagi hafundishi chochote kuhusu marteni, isipokuwa kwamba anapenda karanga. Asubuhi yake nilivaa viatu vya theluji nikafuata nyayo zake nyuma ya nyumba, na kwa muda mfupi nilijifunza zaidi: alivyopita juu ya kila gogo lililoanguka, alivyoingia chini ya mizizi ambako theluji ilikuwa na uwazi, alivyopanda mti na kutua kwingine. Gogo lililooza, ambalo mwenye msitu nadhifu angeliondoa, ndilo mlango wake wa kuingia kwenye ulimwengu wa panya walio chini.

Wanyama hawa karibu waishe kule. Biashara ya ngozi iliyoendeshwa na makampuni kama Hudson's Bay, iliyoanzishwa mwaka 1670, ilipita kwenye njia hizihizi za maji. Grand Portage, kaskazini-mashariki ya Grand Marais, ilikuwa kituo kikuu cha wafanyabiashara wa manyoya mwishoni mwa karne ya 18. Baada ya ngozi zikaja shoka na moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 marteni na fisha walikuwa wametoweka sehemu kubwa ya Minnesota. Mitego ilipopigwa marufuku na msitu ulipokua upya walirudi, na leo jimbo huruhusu tena kuwatega kwa msimu mfupi kila mwaka. Waojibwe, wenyeji wa nchi hii kabla ya mipaka yote, hawakuwahi kumwona marteni kuwa ngozi tu: mojawapo ya koo zao ni ukoo wa Waabizheshi, yaani wa marteni, na kwa desturi mtoto ambaye baba yake ni mgeni hupokewa katika ukoo huo.

Fisha alikuja wakati hatukumtafuta. Tulikuwa tukirudi kusini jioni, msitu umechanganyika mipopla mikubwa na misonobari, theluji si nyingi. Kitu cheusi kikavuka barabara mbele ya taa.

"Paka wa watu huyo," alisema shemeji, akipunguza mwendo.

Lakini paka hakimbii hivi. Huyu alipinda na kukunjuka, na mkia wake, mnene shinani na mrefu karibu na nusu ya mwili, ulimfuata kwa nyuma kama sehemu ya mgongo. Tulisimama, tukawasha taa za tahadhari, na bila mimi kusema lolote shemeji akashuka, akainama ukingoni akiwa na tochi. "Jozi hizi hapa," alisema. Vidole vitano vilisomeka vyote, theluji ya barabarani ilikuwa imeshindiliwa. Msonobari uliokuwa jirani ulikuwa umebanduliwa gamba juu, kazi ya nungunungu.

Nungunungu ndiye aliyemletea fisha sifa. Wala nyama wengi hujaribu mara moja wakaacha. Fisha ni mfupi, uso wake uko usawa wa uso wa nungunungu, na huko hakuna miiba. Humzunguka, humng'ata usoni, hurudi nyuma, humzunguka tena, hadi mwenzake anachoka. Kuna majimbo ya Marekani yaliyomrudisha fisha msituni makusudi, kwa sababu nungunungu waliokosa adui walikuwa wakiharibu miti ya mbao.

Waojibwe humwita Ojiig, na nyota saba ambazo mabaharia huzitumia kuitafuta kaskazini kwao ni Ojiig-anang, nyota za fisha. Kisa chake ni kwamba zamani kaskazini kulikuwa na baridi tupu, Ojiig akaenda na wenzake kuiba kiangazi kilikofichwa, akakifungulia kikateremka duniani, na walinzi wakampiga mshale mkiani alipokuwa akikimbia. Yuko juu hadi leo. Hadithi za namna hii kwao husimuliwa theluji ikiwa ardhini, wakati mwingine wowote hazisimuliwi, na ndiyo maana ninaishia kwenye muhtasari huu. Anayetaka nzima akaisikilize kwa wenyewe.

Jambo linalonitia wasiwasi kuhusu fisha ni nyumba. Jike huzaa kuelekea mwisho wa Machi ndani ya tundu la mti, na siku chache baadaye hupandwa tena. Mimba hiyo hukaa bila kujishikiza miezi kumi hivi, kwa hiyo maisha yake yote ya utu uzima huwa mjamzito karibu bila kupumzika. Tundu analohitaji linapatikana kwenye mti mnene, mzee, uliooza moyo, na miti ya namna hiyo huvunwa kabla haijafika umri huo. Fisha wamepungua katika misitu ambayo zamani walikuwa wengi. Watafiti wa chuo kikuu cha Minnesota kule Duluth wametundika masanduku makubwa ya mbao mitini kama matundu ya badala, na kuyawekea kamera. Ni jitihada njema. Lakini kuacha mipopla michache izeeke ni rahisi kuliko kupandisha masanduku mtini, na sioni kwa nini wenye misitu wasiambiwe hivyo.

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda Februari: mchana umeshaanza kurefuka na theluji bado ni nzima. Subiri asubuhi ya siku inayofuata baada ya theluji mpya kuanguka, maana nyayo zote utakazokuta ni za usiku mmoja. Vaa tabaka nyingi, buti kubwa kuliko mguu wako ili soksi mbili zipate nafasi, na betri ya simu iweke mfuko wa ndani, la sivyo itakufa. Uliza kituoni kabla ya kuingia popote. Sehemu kubwa ya kinamasi cha Sax-Zim ni mali ya watu binafsi au ardhi isiyoruhusiwa kukanyagwa ovyo, na karibu kila mnyama niliyemtaja humo anaweza kuonekana ukiwa umesimama barabarani. Usiongeze chakula chako kwenye kile ambacho wenyeji wameweka.